Masomo ya Sanaa na Swali la Ukumbusho

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma juu ya mahari, majina ya mapacha, matanga, na namna wazee walivyosuluhisha maneno ya mashamba. Mwingine atauliza: masomo ya sanaa yanaingia wapi? Akademi ya sanaa ni jambo lililokuja na wazungu, lina sanamu za plasta, lina pensili, lina diploma. Mila iko wapi mule? Mimi najibu kwamba mila ilipaswa kukaa katikati ya darasa, na kwa kuwa haiko, mwanafunzi anatoka na diploma mkononi lakini nusu ya kazi hakufundishwa. Ile nusu njo nataka tuzungumze.

Kila mwaka, kiisha matokeo ya mtihani wa Leta, kuko mwanafunzi mmoja ao wawili katika darasa langu wanaosema wanataka kwenda kusoma sanaa. Nyumbani vita inaanza. Mjomba anaitwa. Mjomba anauliza: "Mwana, kuchora njo banasomaka? Utakula tablo?" Sisi watu wa masomo tunacheka, tunasema mjomba ni mtu wa kizamani. Lakini sehemu ya kwanza ya swali lake ni swali zuri sana. Je, kwetu watu walikuwa wanasoma kuchora na kuchonga? Na kama walisoma, walisoma nini?

Tutazame kwa Waluba. Walikuwa na chama kinachoitwa Mbudye, na kazi yake ilikuwa kutunza habari za ufalme: safari za waanzilishi, mashauri ya wafalme, miiko, mahali patakatifu. Mtu hakuingia leo na kujua yote kesho. Alipanda hatua kwa hatua. Katika hatua moja alikutana na michoro iliyopakwa kwenye kuta, akafundishwa kuisoma. Wachache tu walifika pale pa kushika lukasa. Lukasa ni kibao cha mti chenye kuenea mkononi, kimepigiliwa ushanga na simbi, ao kimechongwa alama. Msomaji anakishika mkono mmoja, kidole cha mkono mwingine kinapita polepole juu ya ushanga, na mdomo unasimulia: Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu, Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, Kalala Ilunga, mtoto wake. Msomaji mwingine, mbele ya watu wengine, na kibao kilekile, anaweza kusimulia kwa njia nyingine, kadiri ya neno lililowakutanisha watu siku ile. Mary Nooter Roberts na Allen Roberts walitoa kitabu kizima juu ya mambo haya mwaka 1996, na nashauri walimu wenzangu wa historia wakitafute.

Basi Mbudye ilikuwa masomo ya sanaa, na zaidi ya yote ilikuwa masomo ya kusoma sanaa. Kuchonga kulikuwa na njia yake pembeni: kijana alikaa karibu na fundi, alishika tezo, aliharibu miti mingi mpaka siku mti mmoja ulipokubali. Na mafundi hao hawakuwa watu bila sura, kama tulivyoambiwa zamani kwamba sanaa ya Mwafrika ni ya kabila lote na haina mwenyewe. Profesa Mbelgiji Frans Olbrechts alilinganisha viti na sanamu zilizotawanyika katika mamuzeo ya Ulaya, zenye uso mrefu na mashavu yaliyobonyea, akaona zinatoka katika mkono mmoja ao karakana moja, upande wa Buli. Leo dunia nzima inasema "Fundi wa Buli". Mtu yule hakuona plasta hata moja katika maisha yake. Lakini alijua nani atakalia kile kiti, siku gani, na nani hana ruhusa ya kukikalia.

Wanawake nao tusiwasahau, maana katika mazungumzo ya sanaa ya zamani tunataja wachongaji tu, na wachongaji ni wanaume. Kwa jirani zetu Wabemba, ng'ambo ya mpaka, msichana aliyevunja ungo alipitishwa katika chisungu. Audrey Richards, Mwingereza, aliikalia mwaka 1931 na kuiandika katika kitabu cha 1956. Wamama walifinyanga vitu vya udongo vinavyoitwa mbusa, walipaka alama kwenye ukuta, na kwa kila kimoja kulikuwa wimbo wake na maana yake. Kiisha, vile vya udongo viliharibiwa. Kazi za mikono zilizotengenezwa kwa siku nyingi zinapondwa! Mwanafunzi wa leo wa seramiki akisikia hivyo analia. Lakini kilichobaki ni kichwa cha yule msichana, na ndani mwake maneno yamekaa pale pale palipokuwa mbusa.

Sasa tuje mjini. Mwaka 1946, hapa Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua atelie yake, watu wakaiita "Le Hangar". Alikataa kuwapa vijana mifano ya Ulaya. Alitaka kila mmoja atafute njia yake mwenyewe. Matokeo tunayajua na hatuwezi kuyadharau. Mbele ya tablo ya Mwenze Kibwanga mtu anasimama: mistari mifupi mifupi, imelala upande huu na upande ule kama ukindu wa mkeka, rangi za udongo, na mwindaji na mnyama wanatoka katika mistari ileile kana kwamba wamefumwa pamoja. Pilipili Mulongoy anajaza kila mahali samaki, ndege, majani, nukta. Jicho halipati mahali patupu pa kupumzikia. Bela, yeye, alipaka rangi kwa vidole. Kama mtu ananiuliza, nampendelea Mwenze, sababu kwake hata damu ya mnyama imekaa kwa adabu.

Lakini tuseme ukweli. Siku hizi kila anayeimba "sanaa ya asili ya Katanga" anaonyesha zile picha, na watoto wanadhani zimetoka kwa mababu. Zimetoka katika hangari ya Mfaransa, kiisha vita ya 1940-1945, na Bela hakuwa hata mtu wa huku, alitoka upande wa Chad. Wanunuzi walikuwa zaidi wazungu. Katika nyumba za Kamalondo ao za Katuba, nani alikuwa na Pilipili ukutani? Desfossés aliuachia mkono uhuru, na hilo ni jambo kubwa kwa wakati ule wa ukoloni. Ila picha haikuwa na mtu wa kuisoma mtaani, maana haikuandikiwa mtaa.

Mwaka 1951 Mbelgiji Laurent Moonens alianzisha akademi ya sanaa mjini humu humu. Desfossés alipokufa mwaka 1954, Hangar ilikwisha, na Pilipili na Mwenze wakaenda kufundisha kwa Moonens. Upande wa Kinshasa mambo yalikuwa yameanza mapema: Fureri Marc Wallenda alifungua shule ya Saint-Luc kule Gombe-Matadi mwaka 1943, ikahamia Léopoldville mwaka 1949, ikawa Akademi mwaka 1957. Toka pale masomo yamepangwa kama tunavyoyajua: uchoraji wa rangi, uchongaji, seramiki, metali ya kupondwa, na baadaye mambo ya matangazo na mapambo ya ndani ya nyumba. Hayo yote ni ya mkono na ya jicho. Ni mazuri. Mimi si katika wale wanaotaka plasta zitupwe inje. Mtoto anayekaa saa tatu mbele ya kichwa cha plasta anajifunza kwamba kivuli kina mipaka, kwamba sikio liko nyuma kuliko anavyofikiri, kwamba asichore anachojua, achore anachoona. Ile nidhamu itamsaidia hata akitaka kuchora chungu cha bibi yake.

Kisha ukaja wakati wa "kurudia asili". Toka 1971 serikali ya Mobutu ilibadilisha majina yetu na ya nchi, ikadai sanaa nayo irudi kwa mababu. Mwaka 1973 wachambuzi wa sanaa wa dunia walikutana Kinshasa, na mwaka uleule wasanii waliotoka masomoni walijikusanya na kujiita Avangadi. Walikuwa mafundi wakubwa, sitaki kuwasema vibaya. Lakini kule chini, darasani na sokoni, amri ya kurudi kwa mababu iligeuka kuwa rahisi mno: weka kinyago. Kinyago kwenye turubai, kinyago kwenye shaba ya kupondwa, kinyago kwenye malakiti, kinyago kwenye kitambaa cha mama. Na kinyago chenyewe kimetolewa kwenye kitabu. Serikali ile ilianguka mwaka 1997, lakini ile tabia ya kuweka kinyago bado iko na afya nzuri.

Hapa niseme nilichoona mwenyewe. Nilialikwa kama mzazi na mwalimu kusikiliza wanafunzi wakitetea kazi zao za mwisho wa mwaka, katika shule moja ya sanaa ambayo sitaitaja. Msichana mmoja alileta tablo kubwa: mama amebeba mtungi, na mahali pa uso kuna Mwana Pwo, kile kinyago cha Wachokwe. Imepakwa vizuri, mkono ni wa mtu anayejua. Juri waliuliza juu ya rangi zinazopingana, juu ya perspektivi ya njia inayokwenda nyuma, juu ya uzito wa kushoto na kulia. Msichana alijibu yote kwa Kifaransa safi. Kwenye kipaji cha kinyago alikuwa amechora ile alama ya msalaba, na chini ya macho ile mistari ya machozi. Hakuna aliyemwuliza hata neno moja juu ya hivyo. Alipata alama nzuri, tukapiga makofi.

Inje, kwenye kibaraza, alikuwa amekaa bibi yake, mtu wa Sandoa, ambaye hakuingia ndani juu ya Kifaransa. Tablo ilipotolewa, bibi aliitazama, akacheka kidogo, akaanza: kwamba Pwo ni mwanamke aliyeheshimiwa, wa zamani, lakini anayevaa na kucheza ni mwanaume, kwamba ile alama ya kipaji ina jina, cingelyengelye, kwamba Pwo habebi mtungi, anacheza, na wanawake wanamtazama mchezaji kuona kama kweli ameelewa mwendo wa mwanamke. Msichana alikuwa anasikia hayo kwa mara ya kwanza. Miaka mingi ya masomo, na mtu wa kumfundisha alikuwa analala chumba cha pili.

Msomaji asidhani nalaumu juri kwa kukosa adabu kwa bibi. Walifanya kazi yao kadiri ya karatasi waliyopewa, na karatasi ile haikuwa na mstari wa "picha inasema nini, na kwa nani". Hilo njo jambo lenyewe. Msichana amefundishwa kutengeneza, hakufundishwa kusoma. Mtu asiyejua kusoma kinyago atakitumia kama ua la kitambaa. Anaweza kukiweka popote, na hakuna kitu kitakachomzuia, kwa maana kwake hakina uzito.

Na tusiseme kwamba ile elimu ya kusoma ilikufa na wazee. Iliendelea hapa hapa mjini, lakini kwa watu wasiopita akademi. Wale wachoraji wa mtaani wa miaka ya 1970, waliouza tablo nyumba kwa nyumba, walikuwa na neno lao: ukumbusho. Tablo ilikuwa ya kukumbusha. Mtu alinunua "Colonie belge", ile ya mfungwa anayepigwa fimbo na polisi mweusi, muzungu amesimama, bendera ya Mbelgiji juu, alinunua "Mamba Muntu", mwanamke mwenye mkia wa samaki, alinunua Lumumba. Aliitundika sebuleni, mgeni akikaa anaitazama, na mazungumzo yanaanza: baba yangu alikuwa hapo, mjomba wangu alikula fimbo ile. Hiyo si lukasa? Kidole hakipiti juu ya ushanga, lakini macho yanapita na mdomo unasimulia, na kila nyumba inasimulia kwa njia yake.

Mkubwa wao katika hili ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea profesa Johannes Fabian historia nzima ya nchi, tablo zaidi ya 100, toka zamani za mababu mpaka Zaire ya siku zile na hata mbele yake, na kwa kila moja alieleza kwa Kiswahili cha hapa kwetu nini kilitokea na yeye anafikiri nini. Fabian alitoa kitabu mwaka 1996. Tshibumba hakuonekana tena toka mwanzo wa miaka ya 1980. Mtu wa akademi akitazama atasema: mikono ni mifupi, perspektivi inaanguka. Ni kweli, inaanguka. Lakini mwondolee Tshibumba maneno yake, nusu ya kazi imekwenda. Na mwondolee mwanafunzi wetu wa diploma maneno yake ya Kifaransa juu ya rangi, hakuna kitakachopungua kwenye tablo. Hapo njo ninapompa Tshibumba ushindi, ingawa mkono wa yule msichana ni mzuri kuliko wake.

Mfano wa karibu zaidi: Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi, mpiga picha ambaye leo anaonyesha kazi zake Ulaya na Marekani. Alisoma ku Univerisite ya Lubumbashi. Katika picha zake za "Mémoire", za mwaka 2006, aliwatoa wafanyakazi na wakubwa wa wakati wa ukoloni katika picha za zamani, akawasimamisha mbele ya mitambo ya Gécamines iliyokufa. Kila mtu wa mji huu anajua kusoma picha ile bila kufundishwa, maana kila nyumba ina mtu wake mule. Ni ukumbusho, kwa njia ya kompyuta. Yeye na wenzake wakaanzisha Picha mwaka 2008, na vijana wengi wamepata pale kile wasichokipata darasani.

Tukirudi kwa mjomba na swali lake la pili, "utakula tablo?", nitapita haraka, maana jibu linajulikana. Kuko wanaokula kwa matangazo, wengine kwa mapambo ya nyumba, wengine kwa kufundisha michoro kama sisi wengine tunavyofundisha sarufi, yaani wanakula kidogo. Chéri Samba hakupita akademi, alianza na kuandika vibao vya maduka Kinshasa, na leo tablo zake ziko katika mamuzeo makubwa. Wazazi wanamtaja sana huyo wakitaka kumkataza mtoto masomo. Wanasahau wachora vibao mia waliobaki na vibao vyao.

Shida kubwa kuliko chakula ni mahali pa kuona. Viti vya Buli viko Tervuren, London, New York. Tablo za Tshibumba alizozikusanya Fabian ziko Amsterdam. Muzeo ya Taifa mpya ilifunguliwa Kinshasa mwaka 2019, na mwaka 2022 mfalme wa Wabelgiji alileta pale kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, kwa mkopo, neno ambalo liliwachoma wengi. Lakini toka Lubumbashi kwenda Kinshasa bei ya ndege ni mishahara ya mwalimu. Tunabaki na Muzeo ya Lubumbashi, ambayo ni yetu na iko karibu, na walimu wangapi wa michoro wamepeleka darasa lao pale? Kwa vitu vingine kuko simu. Mwanafunzi anaweza kukuza picha ya lukasa kwenye kioo mpaka ushanga mmoja ujaze macho. Ila simu haisemi ushanga ule unasomwaje.

Wenzangu wawili watatu niliowaeleza mawazo haya walinijibu kwamba kwa hilo kunahitajika programu mpya, na programu mpya inatoka Kinshasa, na Kinshasa haina haraka. Sioni hivyo. Mstari mmoja katika karatasi ya juri haupitii wizarani. Ruhusa ya mwanafunzi kutetea sehemu ya kazi yake kwa Kiswahili, ao kwa lugha ya nyumbani na mtu wa kutafsiri, inatolewa na mkuu wa shule asubuhi moja. Na bibi wa Sandoa hataomba mshahara wa profesa. Anahitaji transporti ya kwenda na kurudi, na kiti ndani ya chumba, mahali anapoiona tablo vizuri.